Somo la Afya: Homa Isiyoshuka, Limfoma ya Watoto na Kinga Iliyopitiliza



Somo letu la toleo hili ni la afya ya watoto. Najua kuna atakayesema, "Mimi nasoma uhasibu, limfoma inanihusu nini?" Inakuhusu, tena sana. Hapa Louisville, Columbus na Buffalo tunaishi na familia nyingi za Kikongo, Kisomali, Kirundi na nyinginezo, na wengi wao walifika kama wakimbizi. Mtoto akilazwa, simu mara nyingi hupigwa kwa mwanafunzi: "Mwanangu, wewe Kiingereza unakijua, njoo utusikilizie daktari anasema nini." Ukifika unakuta daktari anataja limfoma, feritini na HLH, na baba na mama wanakutazama wewe.

Basi tujifunze mapema. Somo lina jambo moja kubwa, nalo nalitaja mwanzoni ili tulifuate pamoja: kuna magonjwa mawili yanayoweza kumpata mtoto kwa wakati mmoja, moja likalificha lingine, na dawa inayotuliza la pili yaweza kufuta alama za la kwanza. Ndiyo maana mpangilio wa vipimo na dawa ni muhimu kama dawa zenyewe.

1. Limfoma ni nini?

Mwilini tuna tezi ndogo za limfu shingoni, kwapani, kwenye kinena, kifuani na tumboni. Zikivimba, wengi wetu tunaziita mitoki. Ndani yake hukaa seli nyeupe za damu zinazolinda mwili. Limfoma ni saratani ya seli hizo: seli moja inaharibika, inazaana bila kufuata utaratibu, na uvimbe unakua.

Kwa watoto kuna aina kadhaa. Moja iliyo adimu huitwa limfoma ya seli kubwa za anaplasia, kwa kifupi ALCL. Hiyo huchukua kama 10 hadi 15 kati ya kila limfoma 100 za watoto zisizo za Hodgkin. Tabia yake ndiyo inayowachanganya watu. Huja na homa, jasho la usiku, kukonda, tezi zilizovimba na wakati mwingine vipele vya ngozi, hata ikafanana kabisa na maambukizi. Nyumbani, mtoto wa namna hiyo huenda akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Huku nako, daktari akisikia familia imetoka Afrika Mashariki, huenda akaanza na kifua kikuu hicho hicho. Si kosa kukipima; tatizo ni kuishia hapo wakati dawa hazileti nafuu.

Mwaka 1994 watafiti wa hospitali ya St. Jude mjini Memphis waligundua kwamba katika limfoma hii vipande vya jeni mbili huungana na kutengeneza protini yenye jina ALK, ambayo huiamrisha seli izaane bila kupumzika. Kwa watoto, zaidi ya 9 kati ya 10 wenye ALCL wana ALK hiyo. Likumbuke jina hili, tutalirudia kwenye dawa.

2. Kinga iliyopitiliza: HLH

Jina refu ni hemofagositiki limfohistiositosisi. Usihangaike kulikariri, hata madaktari husema HLH tu.

Wale mliokulia vijijini mnawajua sungusungu. Mwizi akiingia kijijini filimbi inapigwa, sungusungu wanatoka, mwizi anakamatwa, kila mtu anarudi kulala. Sasa fikiria filimbi isiyonyamaza. Mwizi ama hakamatwi ama ameshakamatwa, lakini filimbi inaendelea, na sungusungu wanazidi kumiminika, mwishowe wanavunja milango ya wanakijiji wenyewe. Hiyo ndiyo HLH.

Kisayansi iko hivi. Seli T na seli wauaji wa asili huiua seli iliyoambukizwa kwa kuitoboa kwa protini iitwayo perforini. Zikishaua, hutulia. Kama perforini ina hitilafu, au kama kichocheo hakiishi, seli hizo hubaki zimewaka na kutoa kemikali nyingi za kuita msaada, mojawapo ikiwa ni interferoni gama. Kemikali hizo huamsha makrofaji, yaani seli walaji, nazo zinaanza kumeza seli za damu za mtoto mwenyewe. Damu inapungua, wengu (au bandama) na ini vinavimba, homa haishuki, na ubongo unaweza kuguswa: mtoto anachanganyikiwa au anapata degedege.

HLH ni ya namna mbili. Ile ya kurithi ilielezwa mwaka 1952 na Farquhar na Claireaux huko Uskoti, na hitilafu ya jeni ya perforini ilitambuliwa mwaka 1999. Namna ya pili huchochewa na kitu kingine: virusi, vimelea, ugonjwa wa baridi yabisi ya watoto, au saratani, hasa limfoma.

3. Mahali magonjwa haya mawili yanapokutana: habari kutoka Mulago

Hapa tunarudi nyumbani kidogo, maana sehemu ya sayansi hii ilianzia kwetu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Akaanza kutafuta wengine, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya uvimbe huo ambao sasa unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walizunguka kwa gari hospitali za Afrika ya Mashariki na Kusini, safari ya maili kama 10,000, wakiuliza kila mahali kama ugonjwa ule upo. Waliukuta kwenye joto na mvua, maeneo yale yale ya malaria.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein alikuwepo akisikiliza. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi walivyoviona ndani ya seli hizo. Ndivyo virusi vya Epstein-Barr, kwa kifupi EBV. Mwaka 1967 ikaanzishwa Kampala taasisi iliyokuja kuwa Uganda Cancer Institute, ambako watoto walitibiwa kwa dawa na wengi wakapona, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida kwa saratani popote duniani.

Sasa jamani, tazameni. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanabeba EBV na hawaumwi. Lakini virusi hivyo hivyo ni miongoni mwa vichocheo vikubwa vya HLH. Mwaka 1975 David Purtilo na wenzake walieleza ukoo mmoja wa Marekani ambamo wavulana walikufa baada ya kupata EBV. Katika ugonjwa huo wa kurithi, ambao jeni yake ilipatikana mwaka 1998, baadhi ya wavulana hupata HLH na baadhi hupata limfoma. Kumbe kinga iliyopitiliza na saratani ya kinga ni majirani wa ukuta mmoja. Ukimkuta mmoja, bisha hodi na kwa mwenzake.

4. Vipimo: mambo matano kati ya manane

Chama cha kimataifa cha wataalamu wa ugonjwa huu kilitoa vigezo mwaka 2004 ambavyo bado vinatumika sana. Mtoto akitimiza vitano kati ya hivi vinane, anahesabiwa ana HLH:

1. Homa.
2. Wengu uliovimba.
3. Upungufu wa angalau aina mbili za seli za damu: himoglobini chini ya gramu 9 kwa desilita, chembe sahani chini ya 100,000, au nyutrofili chini ya 1,000 kwa mikrolita.
4. Mafuta ya trigliseridi kupanda (miligramu 265 kwa desilita au zaidi kabla ya kula), au fibrinojeni kushuka hadi miligramu 150 au chini.
5. Seli walaji kuonekana zikimeza seli za damu kwenye uboho, wengu au tezi.
6. Feritini mikrogramu 500 kwa lita au zaidi.
7. Seli wauaji wa asili kufanya kazi kidogo au kutofanya kabisa.
8. Protini ya CD25 kwenye damu kufika yuniti 2,400 au zaidi.

Kati ya hivyo, feritini ndicho kipimo rahisi chenye faida kubwa. Hupatikana hospitali nyingi, na majibu hutoka haraka. Homa nyingi huipandisha kidogo, lakini kwa mtoto ikivuka 10,000 ni lazima HLH ifikiriwe siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kama mtoto ana homa ya siku nyingi, damu inashuka, wengu umevimba na antibiotiki hazisaidii, swali la kuuliza kwa adabu ni hili: "Daktari, feritini yake imepimwa?"

Vipimo vingine huchukua siku. Hospitali ya watoto ya Cincinnati, ambayo iko kati ya Louisville na Columbus, ni mojawapo ya vituo vinavyojulikana zaidi duniani kwa HLH, na maabara yake hupokea damu kutoka hospitali nyingine. Msishangae mkiambiwa sampuli imesafirishwa. Haina maana kwamba hospitali mliyopo imeshindwa.

5. Mtego wenyewe

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Dawa ya kwanza ya kuzima HLH ni deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Inashusha moto haraka. Lakini steroidi pia huyeyusha seli za limfoma, kwa muda tu. Tezi inapungua, homa inashuka, familia inashangilia, kumbe saratani ipo. Ukija kukata kipande cha tezi baadaye, maabara inaweza kukuta seli zilizokufa tu, na jina la limfoma halijulikani. Na bila jina, hakuna dawa sahihi.

Kwa hiyo madaktari hujitahidi kupata biopsi ya tezi na sampuli ya uboho kabla ya steroidi, pengine ndani ya saa chache. Hapo ndipo mzazi huona kama wanamchelewesha mwanawe: "Mtoto anaungua, wao wanataka kumkata!" Kazi ya anayemweleza mzazi ni kumfahamisha kwamba haraka ile ya kukata ndiyo njia ya kumponya.

Lakini sheria hii ina mwisho wake. Kama mtoto anazama, yaani ubongo umeguswa, anatokwa damu au viungo vinashindwa kazi, dawa haingoji biopsi. Kwanza moto uzimwe. Uamuzi wa kungoja au kutongoja ni wa daktari aliye mbele ya mtoto, wala si wetu tuliosoma makala.

6. Matibabu

Kabla ya tiba ya kisasa, watoto wenye HLH ya kurithi kwa kawaida walikufa ndani ya miezi kama miwili. Mpango ulioanza mwaka 1994 uliunganisha deksamethasoni na etoposidi, dawa ya saratani inayozipunguza zile seli T zilizowaka, na wengine wakapandikizwa uboho. Kwa mpango huo kiasi cha watoto 54 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Si namba ya kusherehekea, lakini ukilinganisha na zamani ni mlima uliopandwa.

Chanzo kikiwa limfoma, kuzima moto peke yake hakutoshi. Lazima mwizi akamatwe ndipo filimbi inyamaze. Mtoto hutulizwa kwa steroidi, mara nyingi pamoja na etoposidi, kisha huingizwa kwenye dawa kamili za limfoma yake, zinazotolewa kwa mizunguko ya miezi kadhaa. Kwa ALCL, dawa za kawaida huwaacha watoto kama 7 kati ya 10 bila ugonjwa kurudi. Ukirudi, bado kuna njia: Januari 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha krizotinibu, kidonge kinachozuia ile ALK, kwa watoto kuanzia mwaka mmoja ambao ALCL yao imerudi au imekataa dawa. Na tangu Novemba 2018 ipo emapalumabu, inayokamata interferoni gama, iliyoidhinishwa kwa HLH ya kurithi iliyoshindikana.

Katika miji yetu, watoto wa namna hii hupokelewa Norton Children's huko Louisville, Nationwide Children's huko Columbus, na Oishei Children's huko Buffalo ikishirikiana na Roswell Park, kituo cha saratani kilichoanzishwa mwaka 1898. Na kwa taarifa yenu ndugu wa Buffalo, Sidney Farber, aliyeonesha mwaka 1948 kwamba dawa zinaweza kurudisha nyuma saratani ya damu ya watoto, alizaliwa mjini kwenu mwaka 1903.

7. Mambo yetu ambayo daktari hatayajua asipoambiwa

*Safari.* Kama mtoto aliishi au alitembelea Baringo, Turkana, Pokot, Somalia au Sudan Kusini, itajwe kwa jina la mahali. Kala-azar iko huko, na huleta homa, wengu mkubwa, upungufu wa damu, na hata HLH kamili. Tiba yake ni dawa ya kuua vimelea, kama amfoterisini, na wengi hupona bila kuhitaji etoposidi. Malaria nayo ipimwe. Usiseme tu "tumetoka Afrika". Afrika ni kubwa.

*G6PD.* Limfoma ikianza kuyeyuka kwa dawa, asidi ya yuriki hupanda na kuumiza figo. Kuna dawa ya kuishusha iitwayo rasburikesi, lakini kwa mwenye upungufu wa G6PD inaweza kuvunja seli nyekundu kwa hatari. Upungufu huo upo sana katika maeneo ya malaria. Kama kuna mtu kwenu aliwahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa fulani, semeni, na mwombe kipimo.

*Nyutrofili.* Waafrika wengi, kwa sababu ya kundi la damu la Duffy, wana nyutrofili chache kuliko kiwango cha vitabu, na ni wazima kabisa. Matokeo ya zamani ya damu ya mtoto, kama yapo, yapelekwe.

*Ukoo.* Kama kuna watoto waliokufa wadogo kwa homa isiyoeleweka, hasa wavulana upande wa mama, au kama wazazi ni ndugu wa damu, lisemwe. Si aibu. Laweza kuwa ndilo linaloelekeza kwenye kipimo cha jeni.

8. Ukiitwa, fanya nini?

Kwanza, usijigeuze mkalimani rasmi. Hospitali zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo kwa wasiojua Kiingereza vizuri, na msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Familia iseme lugha yake hasa. Mama wa Kimaimai hatafaidika na Kiswahili kwa kuwa tu alipita kambi ya Kakuma. Wewe kaa kama ndugu: andika tarehe, dawa na maswali, na hakikisha mzazi ameelewa kabla hajatia sahihi.

Pili, mchango wako waweza kuwa mkubwa kuliko maneno. Mtoto mwenye HLH ya kurithi, au limfoma iliyorudi, huenda akahitaji uboho wa mtu mwingine. Kwa mujibu wa sajili ya NMDP, mgonjwa mweusi ana nafasi kama 29 kati ya 100 ya kupata mchangiaji anayelingana naye kabisa, wakati mweupe ana 79. Siku hizi mzazi anayelingana nusu anaweza kutoa, lakini pengo bado lipo, na hupungua kila mmoja wetu anapojiandikisha. Kujiandikisha ni kupangusa shavu kwa ndani kwa kijiti cha pamba. Wanaotafutwa zaidi ni wenye miaka 18 hadi 35, yaani sisi sisi. Chama kinaweza kuomba meza ya kujiandikisha siku ya usiku wa utamaduni, karibu na sambusa. Kabla ya kusaini jiulize kama kweli utakwenda ukiitwa. Kukubali halafu kukataa wakati mtoto ameshaandaliwa ni hatari kwake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini biopsi hutangulia steroidi, na ni wakati gani haingojwi?
2. Mtoto aliyerudi kutoka Baringo ana homa, wengu mkubwa na feritini ya juu. Taja magonjwa mawili ya kufikiria kabla ya kusema ni limfoma.
3. Mweleze shangazi yako HLH kwa dakika mbili bila kutumia neno hata moja la Kiingereza.

La tatu ndilo gumu, na ndilo mtihani wenyewe. Lijaribuni chumbani mkiwa wawili wawili kabla simu haijaita.

Masomo mema, na tukutane toleo lijalo.